Modemu, laini ya simu na programu ya terminali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Programu ya terminali hufanya kazi gani hasa?

Mambo mawili tu. Kila herufi unayobonyeza kwenye kibodi inapelekwa kwenye poti ya siriali, yaani tundu la kompyuta linalopitisha data biti moja baada ya nyingine, na kila herufi inayoingia kwa poti hiyo inaonyeshwa kwenye skrini. Menyu, ujumbe na orodha za mafaili unazoziona zinatoka kwenye kompyuta ya upande wa pili. Programu yako inazichora tu.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha mpangilio wowote, jiulize: sasa hivi naongea na nani? Simu ikiwa haijaunganishwa, unaongea na modemu iliyo mezani kwako, yaani kile kifaa kinachogeuza data ya kompyuta kuwa sauti za laini ya simu. Ikishaunganishwa, modemu inanyamaza na kuwa njia ya kupitia, na unaongea na kompyuta ya mbali. Watu wengi wanahangaika siku nzima kwa sababu wanamtumia mmoja maneno ya mwingine. Swali hili litarudi mara nyingi hapa chini.

Nahitaji vifaa gani?

Kompyuta, modemu, laini ya simu ya mezani, programu ya terminali, na namba ya kompyuta ambayo umeruhusiwa kuingia. Kama kompyuta haina poti ya siriali, adapta ya USB itafaa.

Ukiweza kuchagua, chukua modemu ya nje yenye taa. Zile taa si mapambo. OH inawaka laini ikiwa imeshikwa, CD inawaka modemu ikishaipata ishara ya mwenzake, SD inamemeta data ikitoka kwenye kompyuta yako, na RD inamemeta ikiingia. Nyingi za modemu za ndani zilizouzwa kwa bei nafuu miaka ya 1990 ziliiachia programu ya Windows kazi ambayo ingefanywa na chipu, na ukitumia mfumo mwingine mara nyingi hazifanyi kazi kabisa.

Nitumie programu ipi?

Kwenye Linux, minicom na picocom zinatosha. Kwenye Windows, Tera Term ni nzuri kwa sababu ina itifaki (kanuni za mawasiliano) za kuhamisha mafaili ndani yake. PuTTY inafungua poti ya siriali vizuri, lakini haihamishi mafaili kwa ZMODEM, mojawapo ya itifaki hizo. HyperTerminal ilikuja pamoja na Windows kuanzia Windows 95 hadi XP, kisha ikaondolewa kwenye Vista, kwa hiyo maelekezo mengi ya zamani yanayoitaja hayatakusaidia kwenye mashine mpya. Kwa mashine ya DOS tafuta Telix, Procomm au Qmodem.

Nimefungua programu, skrini ni tupu. Nitajuaje kama modemu inanisikia?

Andika AT kisha bonyeza Enter. Modemu ikijibu OK, mmeelewana. Mfumo huu wa amri zinazoanza na AT ulitoka kwenye Smartmodem ya kampuni ya Hayes mwaka 1981, na karibu watengenezaji wote waliufuata.

Usipopata jibu, angalia taa ya SD huku ukibonyeza herufi moja moja. Isipomemeta, herufi hazifiki kwenye modemu: umechagua poti isiyo sahihi, kebo haijakaa sawasawa, au programu nyingine imeishikilia poti hiyo. Kwenye Linux poti huitwa /dev/ttyS0, /dev/ttyUSB0 au /dev/ttyACM0 kutegemea kifaa, na kwenye Debian na jamaa zake mtumiaji lazima awe kwenye kundi la dialout ndipo aruhusiwe kuifungua. Ikiwa SD inamemeta lakini hakuna OK, jaribu kubadilisha kasi ya poti. Kama taa ya RD haimemeti na bado huoni kitu, huenda modemu imeambiwa isitoe majibu au isirudishe unachoandika. Andika ATE1Q0V1 bila kujali kwamba huoni herufi, kisha Enter.

Ukitaka kuanza upya kabisa, AT&F inarudisha mpangilio wa kiwandani. Mimi huanza na hiyo kila ninapokutana na modemu iliyowahi kutumiwa na mtu mwingine, kwa sababu mipangilio iliyohifadhiwa ndani yake hubaki hata umeme ukizimwa.

8N1 maana yake nini?

Biti 8 za data, bila pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa), na biti 1 ya kufungia. Ndiyo mpangilio wa kawaida, uanze nao. Baadhi ya mifumo mikubwa ya zamani ilitaka 7E1, yaani biti 7 na pariti shufwa.

Dalili ya kukosea hapa inatambulika mara moja: maneno yanasomeka nusu nusu, baadhi ya herufi ziko sawa na nyingine zimegeuka alama za ajabu, na kosa lenyewe halibadiliki. Herufi ileile inaharibika vilevile kila mara. Kelele za laini hazina utaratibu huo, zinaruka popote.

Nipange kasi gani? Na je, baud na biti kwa sekunde ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Baud ni idadi ya mabadiliko ya ishara kwa sekunde, na badiliko moja linaweza kubeba biti kadhaa. Modemu ya V.22bis (majina yanayoanza na V. ni viwango vya kimataifa vya modemu) hubadilisha ishara mara 600 kwa sekunde, kila badiliko likibeba biti 4, ndiyo maana inapitisha biti 2400. Kwenye modemu za kwanza za biti 300 namba hizo mbili zililingana, na mazoea ya kuzichanganya yakabaki.

La muhimu zaidi ni kwamba kuna kasi mbili. Moja ni kati ya kompyuta yako na modemu, unayoipanga wewe kwenye programu. Nyingine ni kati ya modemu na modemu, ambayo zenyewe zinakubaliana. Kwa modemu yenye kubana data, panga ya kwanza iwe juu na uifunge hapo: 57600 au 115200 kwa modemu ya V.34. V.42bis, kiwango cha kubana data, inaweza kubana maandishi ya kawaida hadi mara kadhaa, na poti ikiwa ya polepole faida hiyo inaishia mlangoni. Faili la ZIP limeshabanwa tayari, kwa hiyo usitarajie liongeze mwendo.

Wengi huuliza mbona modemu yao ya 56K inapata 33600 wakimpigia rafiki mwenye modemu kama hiyohiyo. Haina kasoro. V.90, iliyotoka 1998, hufikia kasi za juu pale tu upande wa pili umeunganishwa kidijitali moja kwa moja na mtandao wa simu, na hata hapo ni kwa data inayoshuka kwako. Modemu mbili za kawaida zilizo kwenye laini za kawaida zinaishia 33600.

Kukadiria muda ni rahisi. Kwa 8N1 kila herufi inatumia biti 10, kwa sababu kuna ya kuanzia na ya kufungia, kwa hiyo kata sifuri moja: biti 2400 ni herufi 240 kwa sekunde. Faili la megabaiti 1 litachukua kama dakika 73. Kwa 33600 ni dakika 5 na ushei.

Napigaje simu?

Andika ATDT ikifuatiwa na namba. Herufi T ni kwa laini za milio, na P, yaani ATDP, ni kwa laini za zamani za mipigo. Mkato katikati ya namba unaiambia modemu isubiri, kwa kawaida sekunde 2. Kama ofisini mnabonyeza 9 kupata laini ya nje, andika ATDT9 na mkato, kisha namba.

Ukipata NO DIALTONE ilhali simu ya kawaida kwenye soketi hiyohiyo inafanya kazi, modemu haitambui mlio wa laini yenu. Hili ni la kawaida kwenye mitambo ya simu za ofisini. Tanguliza ATX3, nayo itapiga bila kuusubiri mlio. BUSY ni laini inatumika. NO CARRIER baada ya kusubiri muda mrefu ina maana simu ilipigwa lakini hakuna modemu iliyopatikana upande wa pili. Sikiliza kwa spika: huenda aliyepokea ni binadamu, na ni uungwana kuacha kumpigia.

Ile milio ya mwanzo ni ya nini?

Ni mazungumzo, na inafaa kuyasikiliza. Modemu inayopokea inaanza na sauti moja iliyonyooka ya hezi 2100. Kazi ya sauti hiyo ni kuuambia mtandao wa simu uzime vifaa vya kuondoa mwangwi, ambavyo vimewekwa kwa ajili ya watu wanaoongea lakini vinaharibu data. Kwenye V.34 zinafuata sauti fupi za polepole, kwa kasi ya biti 300, ambazo modemu mbili zinatumia kutajiana uwezo wao. Kisha zinapimana laini: kila upande unatuma sauti za masafa mbalimbali ili mwenzake ajue zipi zinafika vizuri na zipi zinafifia. Ule mvumo mzito wa mwisho, unaofanana na mvua juu ya bati, ni data iliyovurugwa kwa makusudi ili nishati isambae sawa kwenye laini nzima. Hapo kila modemu inanoa vichujio vyake.

Mtu aliyezoea anajua kwa sikio hatua ipi imeshindikana. Ukisikia hatua ya kupimana inarudiwa tena na tena, laini ni mbovu, na ni bora uilazimishe modemu ianze kwa kasi ndogo kuliko kupiga upya bila kubadilisha kitu. Kwa hiyo sishauri kuinyamazisha kabisa. ATM0 inazima spika, ATM1 inaiacha mpaka muunganiko ukamilike, na ATL0 hadi ATL3 zinapandisha sauti. ATM1L1 inatosha hata usiku.

Imesema CONNECT lakini hakuna kinachotokea.

Bonyeza Enter mara moja au mbili. Kompyuta nyingi za mbali zinasubiri mgeni aanze. Bado kimya? Baadhi zinataka ishara ya kukatiza, ambayo programu nyingi zina kitufe chake. Kwenye minicom ni Ctrl-A kisha F.

Jihadhari pia na namba inayofuata neno CONNECT. Kwenye modemu nyingine ni kasi ya laini, na kwenye nyingine ni kasi ya poti yako tu, isiyokueleza lolote kuhusu simu yenyewe.

Kila herufi ninayoandika inatokea mara mbili. Au haitokei kabisa.

Mwangwi. Kwa kawaida kompyuta ya mbali ndiyo inayokurudishia herufi unayoandika. Ikiwa programu yako nayo imewekewa mwangwi wa ndani, utaona hhaabbaarrii. Uzime. Kama huoni chochote, uwashe. Nywila kutoonekana ni sawa, usiguse kitu.

Skrini imejaa vitu kama [1;33m na [2J.

Hizo ni amri za rangi na za kusogeza kielekezi ambazo programu yako haikuzitambua. Chagua uigaji wa ANSI au VT100, terminali ya kampuni ya DEC ya mwaka 1978 ambayo hadi leo inaigwa na karibu kila programu. Kama rangi ziko sawa ila mistari ya fremu inatokea kama herufi zenye alama juu yake, tatizo ni seti ya herufi: mifumo ya enzi za DOS ilitumia CP437, na programu yako inasoma seti nyingine, kwa mfano Latin-1.

Nahamishaje mafaili, na nichague itifaki ipi?

ZMODEM, pande zote mbili zikiwa nayo. Ninasema hivyo bila kusita, na sababu inaonekana ukifuata zilivyokuja moja baada ya nyingine.

XMODEM iliandikwa na Ward Christensen mwaka 1977. Huyu ndiye aliyeshirikiana na Randy Suess kuanzisha CBBS huko Chicago mwezi Februari 1978, ubao wa kwanza wa matangazo uliopigiwa simu na kompyuta. XMODEM inakata faili vipande vya baiti 128, inatuma kimoja, kisha inasimama kusubiri jibu: kimefika salama au kirudiwe. Ni rahisi kiasi kwamba mpaka leo vifaa vingi vidogo vinapokea programu zake za msingi kwa njia hiyo. Lakini kule kusimama kila baada ya baiti 128 kunapoteza muda mwingi kwenye laini yenye ucheleweshaji, jina la faili haliendi pamoja nalo, na kipande cha mwisho kinajazwa baiti za ziada mpaka kifike 128. Ndiyo maana faili linaweza kufika likiwa kubwa kidogo kuliko lilivyotoka.

YMODEM ikaongeza jina, ukubwa, na uwezo wa kutuma mafaili kadhaa kwa mkupuo. ZMODEM ya Chuck Forsberg, ya mwaka 1986, ikaacha kusubiri: inatuma mfululizo na kurudi nyuma pale tu mpokeaji anapolalamika. Simu ikikatika katikati, unapiga tena na inaendelea pale ilipoishia. Kwa mtu anayelipia kila dakika ya simu, hilo peke yake linatosha.

Ukiona kwenye skrini **B00000000000000, upande wa pili umeanza ZMODEM na programu yako haijashtuka. Anza kupokea kwa mkono. Kwenye Linux, minicom inategemea kifurushi cha lrzsz kwa kazi hii, na bila hicho haitahamisha kitu. Ukikwama katikati ya uhamishaji na skrini haijibu, bonyeza Ctrl-X mara tano au zaidi mfululizo, na upande wa pili utaacha.

Kermit, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981, ni ya pale laini inapokataa baiti fulani, kwa mfano njia ya biti 7 au mfumo unaomeza herufi za udhibiti. Ni ya polepole ikiachwa na mpangilio wake wa awali, lakini hupita pale nyingine zote zimegoma.

Maandishi yanapungukiwa herufi, au uhamishaji unajaa makosa ingawa laini ni safi.

Hapa mara nyingi mwenye kosa si laini, ni safari fupi kati ya modemu na kompyuta yako. Washa udhibiti wa mtiririko wa RTS/CTS, yaani waya ambazo kila upande unazitumia kumwambia mwenzake asubiri, pande zote mbili: kwenye programu, na kwenye modemu (AT&K3 kwa nyingi, ingawa baadhi zina amri yake tofauti, angalia kijitabu chake). Zima XON/XOFF, kwa sababu inatumia herufi mbili za kawaida kama breki, na faili lenye herufi hizo ndani yake litasimamisha kila kitu. Zingatia kwamba PuTTY huja ikiwa imewekwa XON/XOFF.

Kwenye kompyuta za zamani kuna jambo la pili. Chipu ya poti, 8250 au 16450, inashika herufi moja tu. Kwa kasi ya 115200 herufi mpya inafika kila baada ya mikrosekunde 87, na kama prosesa haijaichukua iliyotangulia, inafutwa. Chipu ya 16550A ina bafa (hifadhi ya muda) ya baiti 16, na kuiweka hiyo huondoa tatizo ambalo hakuna mpangilio wa programu ungeliondoa.

Simu inakatika yenyewe.

Kwanza, huduma ya kuashiria simu ya pili: ule mlio unaficha ishara kwa muda, na modemu inadhani mwenzake ameondoka. Izime kabla ya kupiga, kwa namba ya huduma ya kampuni yako ya simu. Unaweza pia kuongeza subira ya modemu kwa ATS10=50, yaani sekunde 5, kwa kuwa rejista hiyo (S10, mpangilio wenye namba ndani ya modemu) inahesabu kwa sehemu za kumi za sekunde. Pili, simu nyingine kwenye laini hiyohiyo. Mtu akiinua mkono wa simu chumba cha pili, yamekwisha.

Tatu, na siku hizi hii ndiyo ya kawaida: laini inayoitwa ya mezani kumbe inapita kwenye intaneti. Njia hizo zilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Pakiti moja ikichelewa, mtu hasikii, lakini modemu inapoteza mpangilio wote. Omba kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 isiyobana sauti, na shusha kasi. Modemu zinazofuata V.250 zinakubali AT+MS=V32B, au AT+MS=V22B kwa laini mbaya zaidi. Biti 2400 zinazodumu saa nzima zina faida kuliko 28800 zinazoanguka kila dakika.

Nakataje simu?

Toka kwanza kwenye mfumo wa mbali kwa amri yake ya kuaga, usije ukaacha akaunti wazi. Kama umekwama, unahitaji kuifikia tena modemu yako, ambayo sasa inapitisha kila unachoandika. Nyamaza sekunde moja, andika +++ bila Enter, nyamaza tena sekunde moja. Ikijibu OK unaongea nayo. ATH inakata, ATO inakurudisha kwenye mazungumzo.

Ukimya wa pande zote mbili ndio unaotofautisha amri hiyo na alama tatu zilizotokea tu ndani ya faili. Zipo modemu zilizotengenezwa bila kudai ukimya huo, na hizo zinaweza kukatishwa na maandishi ya kawaida yenye +++ATH. Kwa modemu ya namna hiyo weka ATS2=255 ili kuzima njia hiyo, na ukate kwa kufunga poti.

Kuna usalama gani?

Mdogo. Nywila yako inasafiri wazi kwenye waya, na yeyote mwenye kifaa cha kurekodi laini anaweza kuisoma baadaye. Kama modemu yako imeachwa ikiwa imewashwa, weka ATS0=0 isipokee simu yenyewe. Ikilazimu ipokee, kwa mfano kwa ajili ya kuhudumia ruta iliyo mbali mtandao wake ukianguka, weka nywila imara na utumie mfumo wa kukata kisha kumpigia mtumiaji kwenye namba iliyosajiliwa. Kuficha namba si ulinzi: kuna programu zinazopiga namba moja baada ya nyingine mpaka modemu ijibu.

Sina laini ya simu. Naweza kujifunza?

Ndiyo. Unganisha kompyuta mbili kwa kebo ya siriali iliyopishanisha waya za kutuma na kupokea, fungua programu ya terminali pande zote mbili, na utaweza kujaribu mwangwi, udhibiti wa mtiririko na itifaki zote za mafaili. Kitakachokosekana ni amri za AT, kwa kuwa hakuna modemu katikati.

Amri hizi zina kazi kwenye modemu za USB za mtandao wa simu za mkononi?

Zina kazi, kwenye modemu zinazofungua poti ya siriali. Fungua poti hiyo, andika AT, na utapata OK ileile. AT+CPIN? inakuambia kama kadi ya SIM inasubiri PIN. AT+CREG? ikijibu +CREG: 0,1 umesajiliwa kwenye mtandao wako wa nyumbani, na 0,5 ni mtandao wa wengine. AT+CSQ inapima ishara: kwenye jibu +CSQ: 18,99 namba ya kwanza huenda kutoka 0 hadi 31, na 99 ni kwamba haijulikani. Zidisha namba ya kwanza kwa 2, toa 113, na una nguvu ya ishara kwa dBm; hapa ni -77, ambayo inatosha kabisa. Sogeza modemu dirishani, urudie amri, na utajua kwa namba kama umesaidia.